Nimeitwa kuwa kamisaa wa pikipiki, mbio za baiskeli za Lubumbashi kwenda Likasi. Nianzie wapi?

Dada wa Saa (Katuba)

Jambo kwenu wote. Kwa misimu kadhaa nimekuwa mezani kwenye mstari wa mwisho: kuandika namba, kubonyeza saa, kupanga matokeo. Kazi hiyo naijua. Sasa viongozi wa mbio wameniambia kwamba mwezi wa saba, kwenye mbio za kwenda Likasi, nitapanda nyuma ya pikipiki kama kamisaa, yaani msimamizi wa kanuni za mbio, kwa sababu mzee aliyekuwa akiifanya kazi hiyo mgongo umemkatalia.

Kanuni nimezisoma na cheti ninacho. Lakini kanuni haziniambii nikae wapi nikiwa kando ya watu arobaini wanaokimbia kilomita 45 kwa saa, na lori la shaba linatokea mbele. Dereva niliyepewa ni kijana anayebeba abiria mjini. Ni mwepesi sana, na wepesi wake ndio unaonitia hofu. Naomba waliowahi kufanya kazi hii waniambie utamu wake na uchungu wake. Nitazame nini kwa dereva? Nipite wapi, nisipite wapi? Na je, mwanamke anasikilizwa huko barabarani?

Papa wa Kasapa

Binti yangu, umeanza na dereva, na hapo ndipo penyewe. Nimekaa nyuma ya pikipiki za mbio tangu nikiwa na nywele nyeusi, kiangazi na masika, na jambo ninaloliamini kuliko yote ni hili: mahali mnapoiweka pikipiki pana nguvu kuliko filimbi yako. Mkikaa pasipofaa mmeshaharibu mbio, hata kama hujafungua kinywa.

Kijana wa abiria anajua kupenya. Mjini hapa kupenya ndiko kunamlisha, kwa hiyo usimlaumu. Mbio zinataka kitu kingine: kushika mwendo mmoja, kuacha nafasi, kusubiri. Mchukue Jumapili asubuhi kwenye barabara ya Kasapa, wakati waendeshaji wanafanya mazoezi. Mwambie akae nyuma ya kundi, upande wa kushoto, mita kumi na tano hivi, na wewe sikiliza injini. Ikipanda na kushuka kila dakika, bado hajawaelewa watu wa baiskeli. Halafu mwambie awapite mara moja. Honi fupi wakiwa bado mbali, mwendo uliozidi wa kwao kidogo tu, na asirudi kulia mpaka awaone wote kwenye kioo. Akiwapita kwa kishindo na kukata mbele yao, mtafute mwingine, hata kama huyo ni mtoto wa shangazi yako. Mimi nimewahi kukataa kupanda asubuhi ya mbio yenyewe, bendera imeshashikwa. Watu walikasirika, nikabaki chini mpaka akaletwa dereva mwingine.

Mkubaliane ishara za mkono, maana upepo na kofia ngumu vinakula maneno. Mimi nagonga bega la kulia tukienda kulia, la kushoto tukienda kushoto, mabega yote mawili maana yake punguza. Mkono uliolala katikati ya mgongo maana yake kaa hapo hapo, kuna kitu natazama. Basi, zinatosha. Ukiongeza nyingine atazisahau pale mambo yatakapowaka.

Sasa upepo, maana hapo ndipo makamisaa wengi wanasaidia watu bila kujua. Kuna profesa anaitwa Bert Blocken, mtu wa kupima hewa kwenye baiskeli. Yeye na wenzake walitoa hesabu mwaka 2020: mwendeshaji aliye mita 10 nyuma ya pikipiki anapunguziwa upinzani wa hewa kwa asilimia 23 hivi, na hata akiwa mita 30 nyuma bado anapata kama asilimia 12. Fikiria kijana ametoroka peke yake baada ya Luisha, ana nusu dakika, na pikipiki yako inatembea mbele yake mita ishirini ili umtazame vizuri. Umemsukuma. Wanaomfukuza wanaiona, na haki ya kupiga kelele wanayo. Kwa hiyo aliyetoroka mtazame kutoka nyuma yake na kwa pembeni. Ukitaka kwenda mbele, pita upesi, mwende mbali kabisa msionekane. Mwanya kati yake na kundi ukianza kufungwa, ondoka katikati mapema, usingoje mpaka kundi likukute pale.

Mwezi wa saba unaijua hali yetu: asubuhi baridi ya kutetemesha meno, saa nne vumbi jekundu, na upepo unatoka kusini mashariki. Kwenda Likasi unawasukuma mgongoni, wanakimbia kama wamefukuzwa. Lakini barabara haijanyooka. Inapojikunja, upepo unawapiga ubavuni na kundi linajipanga mshazari, kutoka ukingo mmoja wa lami mpaka mwingine. Wa mwisho wanakanyaga changarawe. Hapo hakuna njia ya kupita, binti yangu. Redioni wanaweza kukuita mbele mara tatu. Wajibu kwamba njia imefungwa, ubaki nyuma mpaka kundi likatike vipande. Mtu aliye ukingoni mwa lami hana pa kukukwepea.

Mambo haya yana makaburi. Mwaka 2015 kwenye Clásica San Sebastián kule Hispania, Greg Van Avermaet alikuwa anaongoza, pikipiki ya televisheni ikamgonga kwa nyuma, mbio zake zikaishia pale. Adam Yates akafika wa kwanza bila hata kuwa na hakika kwamba ameshinda. Hiyo ilikuwa baiskeli iliyovunjika na hasira. Tarehe 27 Machi 2016, kwenye Gent–Wevelgem, Antoine Demoitié, Mbelgiji wa miaka 25, alianguka pamoja na wengine, na pikipiki iliyokuwa inafuata ikampata chini. Alifariki usiku ule. Dereva wa pikipiki ile hakuwa mgeni wa kazi. Kila dereva ninayempata namsimulia habari ya Demoitié kabla hatujawasha pikipiki, na namwambia: kundi linaweza kulala chini lote mbele yako kwa kufumba na kufumbua, acha nafasi ya kusimama.

Malori sasa. Barabara hii inabeba shaba na kobalti ya mkoa mzima. Hata pale polisi wanapoifunga, daima kuna mmoja anayechomoka kwenye yadi au kituo cha mafuta. Na usisahau kwamba mengi yanakuja kupitia Zambia yakiwa na usukani wa kulia, wakati sisi tunaendesha kulia. Dereva wa namna hiyo akitaka kuona mbele ili apite mwenzake, inambidi atoe nusu ya lori katikati ya barabara. Usimngoje akuone. Pikipiki ya polisi iko mbele kwa kazi hiyo, lakini ukiwa wewe ndiye wa kwanza kumwona, tangaza redioni, bendera ya njano juu, mwende mbele ya kundi upande wa kushoto na kumwonyesha ashuke pembeni. Ikishindikana, mwombe kamisaa mkuu asimamishe mbio, aandike mianya, kisha waanze tena kwa mianya ile ile. Wapo watakaolalamika kwamba mbio zimepoteza ladha. Wacha walalamike wakiwa hai.

Na reli. Kwetu inakata barabara mahali pengi, kwa hiyo kanuni yake uijue kwa moyo. Kizuizi kikiwa chini hapavukwi, na anayevuka anaondolewa. Mwaka 2006 kwenye Paris–Roubaix, Leif Hoste, Peter Van Petegem na Vladimir Gusev walifika wa pili, wa tatu na wa nne, wakafutwa wote kwa sababu walipita kizuizi kimeshashuka. Waliotoroka wakikwama kwenye reli na kundi likawafikia, tazama saa yako: kama mwanya ulikuwa zaidi ya sekunde 30, mbio zinasimamishwa na wanarudishiwa mwanya wao. Ukiwa chini ya hapo, ni bahati mbaya ya barabara. Ndiyo maana wewe wa saa utatufaa sana pale. Wengi wanaopanda pikipiki wanajua kupiga filimbi na hawajui kuhesabu.

Uchungu mwingine ni wa mwili, nitaupitia haraka. Mgongo, magoti, jua upande mmoja wa uso. Choo hakuna, kunywa maji kwa akili. Posho inachelewa mahali pengi, uliza kabla ya kupanda. Usivae sketi wala kitenge, vaa suruali nene na viatu vinavyofunika kifundo, maana bomba la moshi linaunguza.

Utamu wake sasa. Hakuna mtu mwingine anayeziona mbio kama wewe. Unasikia pumzi zao. Unasikia mnyororo unavyoshuka kwenye gia ndogo, klak, halafu mwingine, klak, na unajua kwamba ndani ya mita mia kuna mtu ataruka kutoroka. Unamwona yule aliyekuwa anacheka kilomita ya kumi akianza kuuma mdomo kilomita ya themanini. Unawaona watoto wa vijijini wamepanga mstari barabarani tangu alfajiri, wanaimba majina ya vilabu vya mpira kwa sababu ya baiskeli hawayajui. Mimi nimezeeka, na bado nikisikia filimbi ya kuanza miguu inataka kupanda.

Kuhusu kusikilizwa kama mwanamke: sema namba, sema kosa, kwa sauti moja, mara moja. Anayetajiwa namba yake anajua ameonekana.

Mwendeshaji wa Moto (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Aksanti papa. Mi njo ule anashikaka usukani wa moto, ile pikipiki, basi niongeze ya kwangu.

Mama, mwulize huyo kijana moto yake iko na nguvu gani. Hizi za cc 125 tunabebea nazo watu mjini, mukiwa wawili, na upepo unasukuma ba kinga, zile baiskeli, mpaka kilomita 60, hautapita kundi. Utakaa kando yao unanguruma tu, na kukaa kando ndiyo hatari yenyewe. Kama hakuna moto kubwa, basi mupitie kwenye mlima tu, pale wao wamechoka. Kule karibu na Likasi vilima viko. Lakini mlimani usishike klachi nusu nusu nyuma ya watu wa mwisho, itaungua. Mimi naachaka nafasi kubwa, napanda kidogo, nasimama, napanda tena.

Mafuta muweke jioni kwenye kituo. Asubuhi ya mbio musinunue ya chupa kando ya barabara, wengine banachanganya. Moto ikizima mbele ya kundi, mama, hakuna filimbi itakuokoa. Na mnyororo akaze, tairi la nyuma lisiwe upara.

Kitu kimoja ya kamisaa: ukigeuka kutazama nyuma, usigeuze mwili wote. Ukijirusha kulia, moto inaenda kulia. Geuza kichwa. Mi nikiwa na kamisaa mwenye kutulia, naweza kupita mahali pembamba na roho haidundi.

Namba Saba (aliyekuwa mwendeshaji, Kampemba)

Niseme kwa upande wa waliokuwa juu ya baiskeli.

Tunachokichukia ni honi sikioni. Mtu yuko kwenye gurudumu la mwenzake, sentimita ishirini, macho chini, honi inapasuka kando yake, anashtuka, wanaanguka sita. Papa amesema honi fupi wakiwa mbali, tafadhali muishike hiyo. Cha pili ni moshi. Pikipiki inayokaa mbele ya kundi mlimani inatulisha moshi wakati ndipo tunapotafuta hewa.

Cha tatu ni mianya ya uongo. Kuna mbio ambazo mwenye ubao, yule wa pikipiki anayetuonyesha mwanya, alituandikia dakika mbili, tukatulia, tukasema tutawakamata kwenye kilima. Kumbe zilikuwa dakika nne. Tulipofika wale walikuwa wameshaoga. Dada wa Saa, ukipewa ubao chagua kitu kisichotembea, nguzo ya umeme au daraja, anza kuhesabu wa kwanza akipita pale na usimamishe wa kwanza wa kundi akipita pale pale. Usikisie kwa macho. Andika kwa chaki nene, namba za waliotoroka na mwanya, basi. Tupitie pole pole upande wa kushoto, ubao umeinama kuelekea kwetu, mpaka hata wa nyuma wameusoma.

Na mtu akipata pancha akawa anarudi kwa kufuata magari, mumwonee huruma kidogo. Aliyeanguka na aliyeachwa kwa kuchoka hawako sawa.

Papa wa Kasapa

Namba Saba anasema kweli, na mazoea ya makamisaa duniani ni hayo hayo. Aliyepata ajali anaachiwa afuate nyuma ya magari, moja baada ya jingine, mpaka kundini, bila kushika mlango. Aliyeachwa kwa uchovu, hapo kamisaa anasimamisha magari nyuma yake mpaka mwanya uwe mkubwa, asipate kivuli cha kurudia. Lakini ujue nani ni nani, kwa hiyo uwe umemwona akianguka, au umesikia redioni. Usiamini suruali iliyochanika, wengine wanakuja nayo hivyo kutoka nyumbani.

Dada wa Saa (Katuba)

Aksanti sana papa, na ninyi wote. Jumapili nitampeleka kijana Kasapa, na moto yake nitaiuliza nguvu.

Yamebaki mawili. Kwanza, ninaandikaje huku tunakimbia? Pili, na hili ndilo linanikosesha usingizi: hapa kwetu kuna waendeshaji ambao kwenye mazoezi wanashika malori kwa nyuma wapandishiwe kilima. Siku ya mbio nikimwona mmoja ameshika gari la klabu yake, au amepewa chupa na mkono haukuachia mpaka amevutwa mita thelathini, na klabu yenyewe ndiyo ya wakubwa, nafanya nini? Mezani nimeona watu wazima wakigongewa meza mpaka karatasi zikapeperuka.

Papa wa Kasapa

Kuandika: penseli, usichukue kalamu ya wino. Penseli inaandika hata kwenye karatasi yenye unyevu, na ikidondoka hulii. Mimi nabandika plasta nyeupe pana juu ya paja, naandika pale: namba, kilomita, saa, neno moja. "34, km 71, 9:52, chupa." Jioni nanakili kwenye daftari. Wengine wanasemea kwenye simu, lakini upepo unaingia na ukisikiliza usiku unasikia bahari tu. Uwe pia na orodha ya namba zote imefungwa kwenye nailoni. Kofia na jezi zinafanana. Namba peke yake ndiyo inayosimama mbele ya meza.

La pili. Ukiona, fanya mambo matatu kwa mfuatano huu, usiyageuze. Kwanza, sogea mpaka yeye akuone unaona. Piga filimbi, taja namba. Mara nyingi mkono unaachia hapo hapo na mbio zinaendelea safi, na hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko adhabu. Chupa ya kupokea na kuachia hakuna ubaya, kila mtu anakunywa. Ni kule kuvutwa. Pili, asipoachia, sema redioni papo hapo: namba, kilomita, kitendo. Ukishasema redioni kamisaa mkuu amesikia na saa imeandikwa, hakuna atakayesema kwamba umelitunga jioni. Tatu, nyamaza. Usitangaze adhabu barabarani wala kwenye mstari wa mwisho. Adhabu inatolewa na makamisaa wote wakiwa wamekaa, na inatoka na sahihi ya mkuu. Wewe unaleta ulichokiona.

Wakija kukugongea meza, hata kama ni mtu mwenye gari la vioo vyeusi, mwambie malalamiko yanapokelewa kwa maandishi na kamisaa mkuu, mwonyeshe alipokaa, urudi kwenye karatasi zako. Usimweleze ulichokiona. Akikutoa kwenye kikao ukaanza kubishana naye uani, umempa kitu cha kusema. Nimeshuhudia klabu moja ikitishia kutokuja mbio zinazofuata kwa sababu kijana wao amefutwa. Waliacha mbio moja. Zilizofuata walikuja, na yule kijana alipanda kilima kwa miguu yake, akashinda, na nilimpa mkono kwa furaha kubwa kwa sababu uwezo alikuwa nao tangu mwanzo. Ndicho kinachoniuma kwa watu wa kushika malori: vijana wetu wana mapafu mazuri, halafu watu wazima wanawafundisha kudoea.

Kigali walipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza katika bara letu, mimi nilikaa mbele ya televisheni nikitazama pikipiki kuliko baiskeli. Tafuta video zake, ufanye vivyo hivyo. Zitazame zinapokaribia kundi kwa nyuma, zinavyongoja barabara ipanuke, zinavyotoweka mbele mara tu zikishapita. Mwite na yule kijana wako, mtazame pamoja, umwulize kila mara: hapa wewe ungefanya nini?

Jumapili pale Kasapa nitakuwepo kuanzia saa kumi na mbili na nusu, karibu na lango la chuo kikuu. Nitaleta redio mbili za mkononi mjaribu kusemea mkiwa na kofia kichwani. Njoo na kofia yako mwenyewe inayokukaa, usitegemee ya abiria, ile inazunguka kichwani upepo ukiipiga na utaona upande mmoja tu wa barabara.